Pedali Iliyomchoma Kasongo

Vijana wangu, mkija kuniuliza habari za alteneta kubwa, nyote mnaanza na swali moja: Papa Ngoy, hii ni ya amperi ngapi? Mnaiweka mezani, mnaigeuza, mnasoma kibandiko kwa sauti, mnachekelea. Mia na sitini! Mia mbili! Hakuna hata mmoja wenu aliyewahi kuniuliza umeme huo wote utarudi kwa njia gani. Siwalaumu. Mimi nilikuwa nimefundishwa jambo hilo, nikalijua, na bado siku moja sikulifanya.

Nimetengeneza umeme wa magari hapa Kalemie tangu sina ndevu mpaka macho yangu yalipokataa kuona tundu la fyuzi. Alteneta ni ile mashine ndogo inayozungushwa na mkanda wa injini, inajaza betri na kuendesha taa. Zamani ilikuwa na kazi ndogo. Taa mbili mbele, mbili nyuma, honi, na redio kwa mwenye bahati. Leo mnapakia gari friza, spika za harusi, chaja za simu kumi, halafu mnashangaa betri inakufa. Basi mnatafuta alteneta kubwa iliyotolewa kwenye gari la zimamoto la Ulaya, inavuka ziwa kutoka Kigoma ndani ya boti, mnaifunga kwa boliti mbili na kurudi nyumbani mkijisifu. Lakini waya mliouacha ni ule ule wa kiwanda, mwembamba, uliotengenezwa kwa mashine ndogo. Mmeongeza maji, bomba hamjabadilisha.

Aliyenifundisha alikuwa Mzee Kiza, Mubembe, fundi wa zamani wa reli. Alikuwa mfupi, mkali, na alichukia kelele. Ukipiga nyundo bila sababu alikuwa anakutazama mpaka unaiweka chini mwenyewe. Yeye hakuwa na hizi mita zenu za kubana waya na kusoma amperi. Mita yake ilikuwa mkono. Alikuwa akimaliza kufunga waya mkubwa, anawasha injini, anawasha kila kitu ndani ya gari, halafu anakwenda kula bukari yake, yaani ugali, taratibu. Akimaliza kula, ananawa, anarudi, na anautembeza mkono juu ya waya wote tangu alteneta mpaka betri, kila kiungio, kila kona. Pakiwa na joto, kazi inaanza upya. Kisha anamwita mwenye gari naye atembeze mkono wake.

Mimi nilikuwa nafika mwisho wa waya, nasimama, najiona nimemaliza. Mzee Kiza anauliza:

"Umetembeza mukono kwa njia ya kwenda. Na ya kurudia?"

"Mzee, kurudi ni masi tu. Ni chuma ya gari."

"Ni chuma, njo. Lakini injini inakaa juu ya nini?"

Injini inakaa juu ya mipira, vijana. Mipira ile mnene inayozuia mtikisiko. Umeme haupiti kwenye mpira. Injini nzima inaunganishwa na chasi kwa kipande kimoja cha waya, kifupi, kichafu, kimefunikwa na oili, ambacho hakuna mtu anayekitazama. Sisi tunakiita masi. Umeme wote unaotoka kwenye alteneta lazima urudi kupitia hapo. Ukiongeza waya wa kwenda na usiongeze wa kurudi, hujaongeza kitu.

Makosa yangu mengine naweza kuwasimulia nikicheka. Mwaka wa kwanza wa ndoa yangu nilikuwa nafunga nati ya betri nimevaa pete. Ufunguo ukagusa nati upande mmoja, pete ikagusa bodi upande mwingine, na pete ikawa nyekundu kidoleni mwangu. Niliitoa kwa mafuta ya mawese na machozi. Nikarudi nyumbani kidole kimefungwa kitambaa, pete haipo. Mke wangu akauliza pete iko wapi. Nikamwambia umeme umeiharibu. Akaweka mwiko chini, akanitazama.

"Na huyo umeme anaitwa nani?"

Ilichukua wiki mbili na ushahidi wa Mzee Kiza mwenyewe ndipo akaniamini. Kwa hiyo vueni pete. Vueni na saa.

Lakini sikuanza kuandika haya kwa ajili ya pete. Nimeanza kwa ajili ya Kasongo, na ninazunguka kwa sababu naona aibu.

Miaka kama kumi na minne iliyopita, Mama Zaituni aliniletea pikapu yake ya dizeli. Mama Zaituni ni wa zile familia za Waislamu zilizofanya biashara ziwani tangu mababu; sauti yake ni ya chini na hapendi kurudia neno. Alikuwa amepata wazo zuri. Atafunga friza mbili nyuma ya pikapu, apeleke mikebuka na kuhe wabichi hadi Nyunzu, ambako watu walikuwa wamechoka na samaki wakavu. Friza zitakula umeme wa betri ya pili, kupitia kile kisanduku kinachogeuza umeme wa betri uwe wa nyumbani. Alteneta ya zamani isingeweza. Akanunua ya amperi mia na sitini, na kwa ushauri wangu akanunua mita tisa za waya mnene wa mashine ya kuchomelea, shaba tupu. Niliukwaruza kwa kisu mbele yake kuhakikisha si alumini iliyopakwa rangi, kwa sababu waya wa namna hiyo umejaa sokoni na unene wake wote ni plastiki. Fanyeni hivyo siku zote.

Dereva wake alikuwa Kasongo. Mtu mrefu, mcheshi, aliyevuta sigara tangu asubuhi hadi jioni. Lakini alijua njia ya Nyunzu shimo kwa shimo, na alisikia injini yake kama mama anavyosikia pumzi ya mtoto. Siku niliyofanya kazi alikuwa amekaa juu ya mpira wa akiba, ananitania.

"Fundi, unafunga kamba ya meli ao waya?"

"Hii njo itakufikisha."

"Ikinifikisha, nitakuletea kuku ya Nyunzu."

Kazi niliyoifanya upande wa kwenda, vijana, ilikuwa nzuri, na sioni haya kusema hivyo. Vichwa vya waya nilivibana kwa mashine, si kwa nyundo. Fyuzi kubwa niliiweka karibu na betri, kwa maana fyuzi ikikaa mbali inalinda kipande kidogo tu cha waya. Mahali waya ulipopita kwenye tundu la chuma nilizungushia mpira wa tairi ya baiskeli ili usikatwe na mtikisiko. Mkanda niliukaza, nikaujaribu kwa dole gumba. Betri ya nyuma niliifunga masi yake kwenye chasi, nikakwangua rangi mpaka chuma king'ae, nikapaka grisi juu.

Kilibaki kipande. Mita moja, labda na kidole. Kilikuwa kinatosha kabisa kuunganisha injini na chasi, mahali pa ile masi ya zamani.

Hapa lazima niwaambie desturi yetu, maana mnaikuta bado. Kwetu kinachobaki ni cha fundi. Mshonaji anabaki na vipande vya kitenge, seremala na vipande vya mbao, na sisi na vipande vya waya. Mwenye kazi haulizi na fundi haibi, ndivyo tulivyokuta. Na wiki ile waya wa mashine yangu ya kuchomelea ulikuwa umepasuka, unanirushia cheche kila nilipoinama. Nilitazama kile kipande, nikatazama ile masi ya zamani. Ilikuwa na kutu, lakini ilishika. Nikajiambia: ni masi tu. Nikakiweka kipande chini ya meza.

Tuliwasha injini, tukawasha friza. Nilikula. Nilirudi nikautembeza mkono juu ya waya wa kwenda, ukawa baridi wote. Nikamwita Mama Zaituni naye akautembeza mkono wake wenye hina, akaitikia kwa kichwa, ameridhika. Upande wa kurudi sikugusa. Nilijua nikigusa nitalazimika kutoa kile kipande chini ya meza.

Safari tatu zilikwenda salama. Kasongo aliniletea kuku kweli, tukamla na mke wangu. Safari ya nne, mchana, kwenye kilima, gari likaungua.

Halikuungua lote. Kasongo alizima injini, akamsukuma nje mtu aliyepanda pembeni yake, ambaye alikuwa amelala usingizi, kisha akafanya kitu ambacho watu wachache wangekifanya: akafungua boneti na kung'oa waya wa betri kwa mkono mtupu. Kiganja chake cha kulia kikaiva. Kibanda cha dereva kikateketea ndani, friza zikapona, samaki wakaharibika. Gari lilirudishwa Kalemie juu ya lori, na watu wakaja kulitazama kama wanavyokuja msibani.

Kila mtu alikuwa na jibu tayari. Ni sigara ya Kasongo. Kiti kilikuwa kimeungua, sakafu imeungua, na nani asiyejua alivyovuta? Yeye alisema hapana. Alisimama pale mkono umefungwa bendeji, akarudia maneno yale yale kwa kila aliyekuja:

"Sikuvuta. Nilikuwa napanda mulima. Pedali ya mafuta ilinichoma muguu. Ilinichoma kwanza, ndipo nikaona moshi."

Watu walicheka. Pedali inachoma! Chuma kisicho na moto wala waya kinachoma mguu! Mmoja akasema kumbe hata pombe alikuwa anakunywa.

Mimi sikucheka, kwa sababu nilielewa hapo hapo. Nilipiga magoti kando ya gurudumu nikaitafuta ile masi ya zamani. Ilikuwa imekatika, ncha zake zimeyeyuka. Na pedali ya mafuta ya gari lile, kama ya magari mengi ya zamani, inavuta kamba ya chuma inayotoka miguuni mwa dereva mpaka kwenye injini. Njia ya kurudi ilipokatika, umeme wa friza mbili ulitafuta njia nyingine ya kufika kwenye injini, ukaipata hiyo kamba. Kamba nyembamba, ndani ya mfuko wa plastiki, chini ya zulia. Ikawaka. Fyuzi yangu nzuri haikukatika, maana umeme haukuzidi kiasi. Ulipita tu pasipokuwa pake. Hiyo ndiyo hatari yake. Hakuna kinachokuonya isipokuwa mguu wa dereva.

Mama Zaituni aliniita mbele ya watu wote.

"Fundi Ngoy. Wewe unajua moto ya umeme na moto ya sigara. Sema. Moto ulianzia wapi?"

Kasongo alikuwa ananitazama. Nafikiri alifurahi kwamba nimeulizwa mimi. Alijua nitaelewa habari ya pedali.

Nikasema: "Mama, moto ulianzia ndani. Kwenye miguu ya dereva."

Ni kweli ulianzia hapo. Sikusema uwongo hata neno moja, na kwa miaka mingi nilijifariji hivyo. Mama Zaituni alifumba macho kidogo, akashukuru, akaondoka. Nilisikia watu wakisema, si mnaona. Kasongo alikuwa bado ananitazama. Mimi nilirudi kwenye karakana yangu, na kile kipande cha waya kilikuwa kimefungwa tayari kwenye mashine yangu ya kuchomelea. Sijawahi kujichukia kama siku ile.

Niliogopa nini? Niliogopa jina. Mji huu si mkubwa. Gari moja likiungua kwa mkono wa fundi, hakuna anayemletea lingine. Nilikuwa na watoto shuleni. Lakini Kasongo naye alikuwa na watoto shuleni. Baada ya siku ile hakuna aliyempa tena usukani. Alikwenda kwa wenye malori ya Manono, akaenda kwa wanaoshusha ng'ombe kutoka Pepa, akakuta maneno yamemtangulia. Mama Zaituni aliendelea kuniletea magari yake, moja baada ya jingine, na aliwaambia wengine waniletee mimi yao kwa sababu ninasema ukweli. Kila nilipolisikia hilo nilitamani ardhi ipasuke.

Mzee Kiza alikuwa hai bado wakati ule. Sikumwambia. Lakini siku moja alikuja kunitembelea, akakaa, akaitazama mashine yangu ya kuchomelea kwa muda mrefu, akaniuliza waya mzuri namna hii nimeutoa wapi. Nikasema ulibaki. Hakumaliza chai yake.

Ninyi mnadhani mtu mwenye siri kama hiyo halali. Nililala. Nilikula, nikacheka harusini, nikafundisha wenzenu kazi, na kila niliyemfundisha nilimlazimisha kubadilisha masi kabla ya kitu kingine chochote. Wakanibatiza Papa Masi. Waliona ni kichekesho.

Mwaka jana kijana mmoja kati yenu, simtaji, alikuja kunisimulia kitu cha kuchekesha. Amefunga alteneta kubwa kwenye gari la muziki, na sasa dereva anadai pedali inamchoma. "Papa, yule mulevi kabisa!" Akacheka mpaka akashika magoti. Nilisimama bila kuchukua fimbo yangu. Nilimwambia azime gari lile sasa hivi, ang'oe betri, anisubiri. Tulikuta masi ya kiwanda, nyembamba kama mkia wa panya, imeanza kuwa nyeusi. Tukaweka mpya, mbili, moja kila upande. Dereva yule aliporudi nilimwomba radhi mbele ya kijana, naye hakuelewa kwa nini mzee mzima anatokwa machozi kwa sababu ya pedali.

Kesho yake asubuhi nilikwenda kwa Kasongo.

Anaziba mipira ya baiskeli karibu na daraja la Lukuga. Kiganja chake cha kulia hakifungiki vizuri, anashikilia mpira kwa kidole gumba na viwili vingine. Sigara aliacha zamani. Alikuwa amekaa kwenye kiti chake cha mbao, beseni la maji mbele yake. Alinisalimu vizuri, akaniuliza habari ya macho yangu. Nikamweleza yote nikiwa nimesimama: kipande cha waya, masi, kamba ya pedali, maneno niliyomwambia Mama Zaituni. Alikuwa anazamisha mpira ndani ya maji, anatafuta mapovu.

Nilipomaliza akauliza kitu kimoja.

"Ulijua siku gani?"

"Siku ile ile. Nilipopiga magoti."

Akautoa mpira majini, akaukausha kwa shati lake.

"Mimi nilianza kuamini," akasema. "Watu wakikuambia kila siku, kisha na wewe unaanza kuona. Nilikuwa naona ile sigara mukononi mwangu, Fundi. Nilikuwa naiona inaanguka. Bibi yangu, mama ya watoto, alikufa anajua njo mimi nilichoma gari. Nilienda kwa Mama Zaituni nikapiga magoti, nikamuomba musamaha."

Nilimwambia twende pamoja kwa Mama Zaituni, sasa hivi, nimwambie mbele yake.

"Wewe uende," akasema. "Mimi nilikwisha kwenda."

Nilikwenda. Mama Zaituni sasa ni mzee, anatembea akishika ukuta. Alinikaribisha kama kawaida, akaagiza chai. Nilimwambia kabla chai haijafika. Alisikiliza mpaka mwisho, na nilipotaja kwamba Kasongo alikuja kwake kupiga magoti, alishika kichwa.

"Nilimusamehe," akasema. "Nilimusamehe yule muntu, Fundi, na alikuwa hana kosa."

Nikasema ndiyo, Mama.

Sitawaambia kwamba alinisamehe mimi. Hakusema, nami sikuomba. Aliuliza tu Kasongo anakaa wapi, akajifunga mtandio wake, akakataa pikipiki. Tulitembea polepole mpaka darajani, yeye mbele, mimi nyuma. Kasongo alipomwona aliinuka. Mama Zaituni akaushika ule mkono wake wa kulia kwa mikono yake miwili na kuutazama.

Pale pana kiti kimoja. Kasongo alikipangusa kwa kitambaa, akampa Mama, yeye akachutama pembeni yake, wakaanza kuongea kwa sauti ya chini. Mimi nilibaki nimesimama, na hakuna aliyeniambia nikae.